Mastura wa Pedali

Wengine hupewa majina kwa uzuri wao, wengine kwa ukoo wao. Mastura wa Bondeni, Nakuru, alipewa jina kwa ajili ya mguu wake wa kulia. Mtaa mzima ulimwita Mastura wa Pedali, na wa kulaumiwa kwa jina hilo hakuwa adui wala jirani mwenye mdomo mrefu. Alikuwa mume wake. Mume mwenyewe hakulitamka hata siku moja, alilisababisha tu, kama alivyosababisha mambo mengine mengi ambayo hakupenda kuambiwa kwamba ni yake.

Huyo mume ni Fundi Abdirashid, na tumweleze upesi, maana yeye mwenyewe alikwisha kujisifu ya kutosha. Wakati wa vita alikuwa Burma, akitengeneza magari ya jeshi. Aliporudi, alirudi na koti la kijeshi, sanduku la spana, na ugonjwa wa kudharau watu. Aliwadharau Wahindi wenye gereji kwa sababu, alisema, wanajua kuuza spea tu. Aliwadharau Wazungu wa mashambani kwa sababu wanalilazimisha gari kupanda mlima kwa gia isiyofaa, halafu wanalitukana gari. Madereva aliwadharau wote kwa jumla kwa sababu wanakaa juu. Kwake dunia ilikuwa na watu wa namna mbili, wa juu ya gari na wa chini ya gari, na katika Nakuru nzima wa chini alikuwa mmoja tu, naye ni yeye.

Ufundi alikuwa nao, tusimnyime haki yake. Akisikiliza injini kidogo, alikuambia inaumwa wapi. Lakini kipaji kile kilikaa ndani ya mtu yule kama asali ndani ya kopo la mafuta ya taa. Huwezi kuilamba bila kutapika.

Msaidizi hakukaa kwake. Wamalwa, mtu mzima mwenye wake na watoto, aliondoka siku alipoambiwa kwamba viatu vyake vina akili kuliko yeye. Aliyemfuata hakungoja hata kutukanwa vizuri. Kisha ikaja Hali ya Hatari, mafundi wa Kikuyu wakabebwa kwenda kambini na kwenye rizavu, wakabebwa na malori yaleyale waliyoyatengeneza kwa mikono yao, na gereji za mji zikabaki na watu wa kubahatisha. Hapo ndipo magari yalipozidi kuja Bondeni, kwenye uwanja nyuma ya nyumba ya Mastura. Madereva walimeza matusi ya Abdirashid kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda, naye akadhani wanakuja kwa kumpenda.

Nyumba ilikuwa ya Mastura, hilo lisisahaulike. Aliachiwa na mama yake, nyumba ya udongo yenye paa la bati na baraza pana, na uwanja ulioota majani mazuri kabla Abdirashid hajaingia na sanduku lake. Sasa uwanja ulikuwa mweusi kwa oili, hata kuku walipita pembeni.

Basi, kazi ya breki haifanywi na mtu mmoja. Breki hizi mpya za mafuta, upepo ukiingia ndani ya mabomba yake, pedali inakuwa laini kama godoro, unakanyaga na gari linaendelea na safari yake. Upepo huo lazima utolewe. Mmoja anakaa juu, anakanyaga pedali na kuishika chini. Mwingine yuko chini ya gari, anafungua nati kidogo, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga. Ndipo wa juu anaachia. Akiinua mguu kabla nati haijafungwa, upepo unafyonzwa ndani upya na kazi yote imeharibika. Wanarudia hivyo mpaka mapovu yaishe. Na kwa kuwa hapakuwa na msaidizi aliyebaki, wa juu akawa Mastura.

Alipanda na buibui lake limekunjwa magotini, akakaa mahali pa dereva kama bibi mkubwa anayepelekwa arusini, akakanyaga. Kutoka chini ilikuja sauti.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shika!"

"Nimeshika."

"Acha!"

"Nimeacha."

Wapita njia walisimama kutazama. Ndani ya nyumba mume na mke hawakuwa na mazungumzo. Chakula kiliwekwa, chakula kililiwa, sahani ikarudi. Maneno waliyoambizana kupitia sakafu ya gari kwa asubuhi moja yalishinda ya mwezi mzima mezani. Mastura alizoea kumwona mumewe kama nyayo mbili zilizochomoza chini ya chuma, na kwa kweli, akijiambia moyoni, hiyo ndiyo sehemu yake iliyokuwa na adabu.

Maana Mastura naye hakuwa malaika. Alimdharau Abdirashid dharau safi, iliyokaushwa vizuri na kuwekwa akiba. Alikuwa amemwomba talaka zaidi ya mara moja. Alimwomba kwa upole, akamwomba mbele ya wajomba, akamwomba kwa kulia, na kila mara mume alicheka.

"Nikuache? Nani atakutaka, na mguu mmoja umekuwa mnene kuliko mwenzake?"

Mguu ulikuwa umenenepa kweli, kwa ajili ya pedali zake. Lakini Bondeni nzima ilijua sababu ya kumshikilia. Akimwacha, atatoka kwenye nyumba ya watu na uwanja wa watu, na sanduku lake la spana kichwani. Hivyo akamkalia mwanamke yule kama mtu aliyekalia kiti cha wenyewe kwa kuwa amekikuta kitupu. Mastura hakutaka mume mwingine wala hakutaka kusifiwa. Alitaka neno moja tu litoke katika kinywa kile, na kinywa kilichotukana kila mtu kilikuwa bahili wa neno hilo peke yake.

Siku yenyewe lilikuja lori la Bedford kutoka juu Mau, njia ya Olenguruone. Dereva wake, Kipketer, mtu mrefu asiye na makuu, alikuwa amelishusha na magunia ya pareto kwa nguvu ya gia peke yake, maana pedali ya breki ilizama mpaka sakafuni.

"Fundi, hii breki imekufa kabisa," alisema. "Na mimi lazima nirudi juu. Nabeba posho ya watu wa shamba, na watu wenyewe wanakaa juu ya hiyo posho. Ikitoroka na sisi kwa ule mteremko, hakuna mtu atabaki."

"Breki haifi," Abdirashid akajibu bila kumtazama. "Anakufa dereva."

Akaingia chini, akafungua, akatoa masta silinda, kile chuma kinachokaa karibu na pedali na kusukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu yote. Raba za ndani zilikuwa zimelika. Akazitupa, akatia mpya, akasafisha kila kitu kwa kitambaa kisicho na vumbi, na kupata kitambaa kisicho na vumbi Nakuru ni kazi kweli. Mpaka hapo hakuna mtu ambaye angemwonyesha kidole. Akachukua kopo la mafuta ya breki. Wakati huo Kipketer alichuchumaa karibu naye, mikono magotini.

"Fundi, samahani. Kule shambani tulikuwa na fundi Mkikuyu kabla hajachukuliwa. Yeye alikuwa anajaza hiyo masta mafuta kwanza, anaisukuma na kijiti mpaka upepo inaisha, ndio anarudisha kwa gari."

Kumbe ndivyo Abdirashid alivyokuwa akitaka kufanya. Kopo lilikuwa mkononi mwake. Lakini sasa ameambiwa, na aliyemwambia ni dereva, tena dereva wa pareto, mtu wa baridi na viazi. Mastura alikuwa barazani, alimwona mumewe akilitazama lile kopo. Alimwona akiliweka chini.

"Hayo ni mambo ya shamba," akasema. "Burma tulitoa upepo kwenye magurudumu."

Akaifunga masta ikiwa kavu. Mtu mzima, mwenye ndevu, aliyeijua kazi, alijiharibia kazi kwa makusudi ili tu asionekane amemsikiliza Kipketer. Wapo watu wa namna hiyo, na kila mtaa una wake, lakini Bondeni ilipewa aliyekamilika.

Mastura aliitwa, akapanda juu. Wakaanza gurudumu la nyuma, wakaja la pili, wakahamia mbele, wakazunguka tena. Kanyaga, shika, acha. Kwenye magurudumu mapovu yaliisha, mafuta yakatoka safi, na bado pedali ililegea palepale chini ya mguu wake, kwa sababu upepo haukuwa kwenye magurudumu. Ulikuwa umekaa raha mustarehe ndani ya masta, pale alipouweka mwenyewe. Jua likapanda. Upepo wa ziwani ukaja na vumbi lake, ukaingia machoni na kwenye meno. Paja la Mastura likaanza kutetemeka. Kando ya ua, wazee walikuwa wamekaa kwa muuza kahawa na hawakuwa na haraka ya kwenda popote, na Bi Mboni, jirani aliyejua habari za kila nyumba kabla hazijatokea, alikuwa barazani kwake akipepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shika!"

"Nimeshika. Inazama."

"Haizami! Unainua mguu!"

"Mguu uko hapahapa."

"Huo si mguu, ni mchi wa kinu. Hauna akili. Nimeoa mguu usio na akili!"

Mastura akavuta pumzi. Alikuwa amechoka, na uchovu ulimtoa woga.

"Ungeitazama ile masta," alisema.

"Masta nimeifunga mimi!"

"Ndiyo maana nasema uitazame."

Kwa muuza kahawa watu waliangua kicheko. Mzee mmoja alijimwagia kahawa kanzuni akaendelea kucheka. Bi Mboni alijiziba mdomo kwa pindo la kanga, na hata Kipketer, aliyekuwa akijitahidi kutazama mawingu, mabega yalimtikisika. Kicheko kile kilishuka mpaka chini ya lori, kikamkuta Abdirashid amelala chali na mafuta yakimdondokea shingoni, na mtu aliyewacheka watu maisha yake yote akagundua kwamba hajui la kufanya akichekwa yeye. Akapasua sauti ambayo ilisikika mpaka kisimani.

"Mastura! Umesikia? Nimekuacha! Nimekuacha! Nimekuacha!"

Ungo wa Bi Mboni ulisimama hewani. Wazee walitazamana, wakaweka vikombe chini.

Mastura alibaki na mikono kwenye usukani. Moyo ulimruka, wala si kwa huzuni. Aliogopa kupumua, kana kwamba neno lile lilikuwa ndege aliyetua karibu na angeweza kumfukuza. Akainua mguu polepole. Akavaa ndara zake, akateremka upande wa pili, akatembea mpaka nyumbani bila kugeuka, akaingia, akatia komeo.

Nyuma yake, kutoka chini ya lori, sauti ilikuwa ikiendelea na kazi.

"Kanyaga!"

Pedali ilibaki juu.

"Kanyaga, wewe!"

Kipketer aliinama, akachungulia.

"Fundi," akasema kwa heshima zote, "huko juu hakuna mtu."

Jua lilipotua Abdirashid alikuwa mlangoni, akibisha kwa kiganja.

"Mastura, fungua."

"Umeniacha."

"Nilisema habari ya pedali, mjinga wewe. Fungua."

Hakufungua. Lakini ndani, nyuma ya komeo lake, furaha ilianza kupungua. Alimjua mtu yule. Kukana hangekana kwamba alisema, maana masikio yalikuwa mengi. Angekana maana. Angesema lilikuwa neno la kazi, na nani atambishia, ikiwa kazi yenyewe anaijua yeye tu? Mastura alilala kwa mang'amung'amu, akiogopa kwamba mlango uliofunguka kwa hasira utafungwa kwa ujanja, na hautafunguka tena mpaka kaburini.

Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri alikuja Maalim Nasoro pamoja na wazee wa mtaa. Maalim alikuwa mzee mwembamba aliyesomesha watoto chuo cha Kurani, mpole wa sauti na mwepesi wa kusahau alikoweka miwani yake. Walikaa kwenye baraza ya Mastura. Mwenyewe alikaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, na Bi Mboni kando yake bila kualikwa. Kipketer alikuwepo pia, amejiegemeza kwenye lori lake, maana alikuwa amelala humo na hakuwa na breki wala pa kwenda.

Abdirashid hakukaa. Alisimama, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri watoto wanyamaze.

"Maalim," alisema, "wewe ni mtu wa vitabu, na hawa ni watu wa kahawa. Kazi ya breki ina lugha yake. Wa juu anashika pedali. Wa chini akimaliza anamwambia, nimekuacha, yaani nimekuruhusu, inua mguu. Ni neno la fundi. Nilikuwa kazini, nikasema neno la kazi. Mkilisikia nyinyi mnafikiri ni talaka, kwa sababu mawazo yenu yako kwenye nyumba za watu."

"Mara tatu?" Maalim akauliza.

"Alikuwa hasikii."

"Maalim," Mastura akasema kutoka mlangoni, "miaka yote nimekaa juu ya magari yake. Neno hilo halijatoka hata siku moja. Anasema 'acha'. Mimi ndiye ninayejibu 'nimeacha'."

"Mwanamke wa pedali," Abdirashid akasema, akiwageukia wazee. "Ataijulia wapi lugha ya fundi?"

Wazee walikohoa. Mmoja wao, Mungu amsamehe, alitikisa kichwa kwamba kweli, mambo ya chuma ni ya wenye chuma.

Maalim Nasoro alitafuta miwani yake, akaipata kwenye paji la uso.

"Mimi neno la kazi nisiyoijua siwezi kulihukumu," alisema. "Gari lile pale, na fundi huyu hapa. Nionyesheni. Ikiwa neno hilo ni la kazi hii, basi hakuna talaka, mke ni wake, na tuliocheka tumwombe radhi. Ikiwa si la kazi, basi limekwisha kutoka, na halirudi. Mmeridhika?"

Wa kwanza kuridhika alikuwa Abdirashid. Alitabasamu kabisa. Mastura aliliona tabasamu lile na alilielewa. Hakuna kilichomzuia kulala chini ya lori na kulitia neno lake mahali anapotaka, na hapo ndipo nyumba, uwanja na maisha yake vingerudi chini ya spana.

"Nani atakaa juu?" mtu akauliza.

"Mimi," Maalim akasema.

Akapandishwa na watu wawili, kanzu imekusanywa kiunoni. Hakuwa amewahi kukaa mbele ya gari. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akaonyeshwa pedali, akasema bismillahi. Abdirashid akaingia chini. Safari hii hakwenda kwenye magurudumu. Alikwenda moja kwa moja kwenye masta, akashika nati ya bomba mahali linapotokea, na kwa sauti akawatangazia wazee kwamba tangu jana alikuwa amepanga kumalizia hapo. Kipketer alitazama mawingu.

"Kanyaga, polepole!"

"Nimekanyaga."

"Shika!"

"Nimeshika."

Nati ikafunguliwa. Povu likachuruzika, jeupe, likapasuka chini. Nati ikafungwa.

"Nimekuacha!" Abdirashid akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma hotuba.

Maalim akainua mguu. "Nimeacha."

Wazee wakatazamana. Basi, lilikuwa neno la kazi. Likafuatwa na jingine, kanyaga, shika, nimekuacha, na Maalim akainua mguu kama alivyofunzwa, na mambo yakaenda sawasawa. Mastura aliinamisha uso. Bi Mboni alimshika mkono.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho Abdirashid hakukidharau duniani, nacho ni breki. Povu lilikuwa likipungua. Katikati ya weupe ulianza kuonekana uzi wa mafuta safi, na fundi anapouona uzi ule hana tena wazee, hana Maalim, hana mke. Alisogea karibu mpaka pua ikagusa chuma. Mkono ulianza kwenda peke yake, na ulimi pia.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shika... shika hapo hapo... Acha!"

Maalim akabaki ameshika.

"Acha!"

Mguu wa Maalim haukusogea. Alikunja uso, akiangalia sakafu.

"Acha, nimesema! Unaiua raba! Acha!"

"Niache nini, mwanangu?" Maalim akauliza. "Sijasikia neno. Neno si 'nimekuacha'?"

"Nimekuacha gani!" Abdirashid akanguruma kutoka chini. "Neno ni acha! Acha! Mimi wa chini naacha nini? Nimeshika spana! Wa chini haachi kitu, wa juu ndiye anayeacha! Kazi hii tangu Burma ni hivyo, tangu breki ziumbwe ni hivyo! Hata yule mwanamke, na ujinga wake wote, anaijua, miaka yote ni acha, nimeacha, acha, nimeacha! Nyinyi watu wa vitabu mna nini ndani ya vichwa?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mastura aliinua uso. Hakuamini masikio yake, kisha akayaamini.

"Haya," Maalim akasema kwa upole ule ule. "Nimeacha. Endelea, tumalize kwanza gari la watu."

Na fundi, aliyekuwa amekasirishwa na ujinga wa mwanafunzi wake na asiyejua bado alichokisema, aliendelea. Kanyaga. Shika. Acha. Kila mara neno likatoka kwa ukali zaidi, ili mzee yule alishike vizuri, mpaka mafuta yakatoka safi kabisa na pedali ikasimama juu, ngumu. Maalim akaikanyaga kwa nguvu zake zote, haikuzama. Alifurahi kama mtoto.

"Imekuwa jiwe!" akawaambia wazee.

"Mmeona?" Abdirashid akauliza kutoka chini. "Sasa mmeelewa kazi ilivyo?"

"Tumeelewa sana," Maalim akajibu.

Akateremshwa, akaikunjua kanzu yake, akatazama doa la mafuta lililoingia kwenye pindo. Kama alikuwa ameshikilia mguu ule kwa kutoelewa au kwa kuelewa mno, Bondeni wamebishana mpaka leo, na yeye mwenyewe hakusema. Akainama kidogo ili maneno yake yafike chini.

"Abdirashid, umetufundisha vizuri. Wa chini haachi kitu cha gari. Basi ulichokiacha jana kilikuwa mkeo, na umemwacha mara tatu. Mastura anaingia eda yake leo, hapa nyumbani kwake. Wewe utatafuta pa kukaa."

Nyayo mbili chini ya lori hazikusogea.

"Maalim, ngoja," sauti ikasema baadaye, na ilikuwa sauti ndogo ambayo mtaa haukuwa umewahi kuisikia. "Mimi nilikuwa naeleza habari ya..."

Haikumaliza. Hata yeye aliona kwamba kila njia aliyobaki nayo ilipita katikati ya maneno yake mwenyewe. Angeweza kusema kwamba hajui kazi. Hilo, bila shaka, hakulisema.

Wazee wakaanza kuondoka, wakimpa Mastura pole ambazo hakuzihitaji. Bi Mboni tayari alikuwa ameanza kuitangaza habari hiyo upande wa pili wa ua. Kipketer, aliyekuwa hana ubishi na mtu, alipanda juu ya lori lake, akaijaribu pedali, akaijaribu tena, akashukuru kwa sauti bila kusema anamshukuru nani. Njia ya Mau ni ndefu na posho bado ilikuwa inamngoja dukani. Akawasha injini. Bedford ikatetemeka, moshi ukajaa uwanjani.

Nyayo zilikuwa bado pale pale. Abdirashid hakutoka. Akitoka angelazimika kutazamwa.

Mastura alishuka barazani, akavuka uwanja wake mweusi, akagonga mlango wa lori kwa kiganja mpaka Kipketer akachungulia.

"Dereva, ngoja atoke kwanza," alisema. "Mimi eda ya kuachwa inanitosha. Ya kufiwa ni ndefu."